Dibeti: tunashindana au tunatafuta jibu?

Hapa Dodoma neno dibeti utalisikia kila kona. Mwanafunzi wa sekondari anakwambia leo Ijumaa kuna dibeti, vijana wa bodaboda pale Majengo wakianza mambo ya Simba na Yanga mwenzao anawaambia jamani hiyo dibeti isogezeni pembeni mnazuia abiria, na Bunge la bajeti likianza mwezi wa nne watu wanawasha TV wasikilize dibeti ya wizara ya maji. Ni mambo matatu tofauti kabisa. Na mimi naona shida inaanzia hapo, kwamba ile maana ya shuleni, ya pande mbili na majaji na maksi na lazima mmoja ashinde, tumeibeba mpaka kwenye mambo ambayo hayahitaji mshindi.

Wanaosema dibeti ni vita ya maneno wana haki yao lakini. Waingereza wenyewe walilitoa hilo neno kwenye Kifaransa cha zamani, debatre, na ndani yake kuna kupiga kabisa, na kuna kipindi lilimaanisha ugomvi tu. Baadae ndio likaja kuwa mazungumzo ya kupingana kwa utaratibu. Sisi tunayo ya kwetu, mjadala, mdahalo, malumbano, ubishi, na kila moja mtu akilisikia anajua hali ikoje, huwezi kumwambia mzee njoo tufanye ubishi kuhusu shamba la ukoo. Dibeti limekuja likazoa yote kwa pamoja, ndio maana leo mtu anamtukana mwenzake hadharani anaambiwa ametukana anajibu ah hii ni dibeti tu.

Sasa twende shuleni maana ndio wengi wetu tulipolijulia. Walimu wanaotetea dibeti wana hoja nzito. Mtoto ametoka shule ya msingi alikosomeshwa kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza kila somo ni Kiingereza, asiposimama mbele za watu akajaribu kukiongea atakiongelea wapi? Alafu kuna hili la kupangiwa upande. Unaamini elimu ni bora kuliko pesa, unaambiwa wewe leo upo upande wa pesa, na inabidi ukatafute sababu za watu usiokubaliana nao. Hilo ni zoezi kubwa sana kwa akili ya kijana, mtu mzima mwingine amefika miaka hamsini hajawahi hata siku moja kufikiria kwa nini mwenzake anaona tofauti.

Upande wa pili nauelewa kwa sababu nimeuona. Dibeti ya sekondari moja huku huku Dodoma, bwalo limejaa, madawati yametazamana, mtunza muda anagonga meza kwa rula, mada ni shule za bweni na shule za kutwa ipi bora. Binti wa kidato cha pili akasimama kutetea za kutwa, akaanza vizuri, akafika sehemu anataka kusema kwamba akiwa nyumbani ndio anaemsaidia mama yake kuchota maji na kumpikia mdogo wake, Kiingereza kikakata. Akasimama pale kimya, watu wakaanza kuguna, akasema thenkyu akakaa. Ile sababu yake, ambayo kwangu ilikuwa ndio nzito kuliko zote zilizosemwa mchana ule, alimalizia kumweleza rafiki yake pembeni kwa Kiswahili. Aliyefuata alisoma karatasi yote bila kuinua macho, maneno makubwa makubwa, akapigiwa makofi na upande wake ukashinda. Hapo tumepima Kiingereza, sawa, ila tusiseme tumepima hoja.

Wapo pia wanaosema haya mambo ya kupingana sio asili yetu, wazee walikuwa wanakaa chini ya mti wanaongea mpaka wanakubaliana. Mwalimu Nyerere aliitumia sana hoja hiyo wakati anatetea chama kimoja, na ina ukweli ndani yake, maana kijijini mtakutana kesho kisimani, huwezi kumshinda mtu leo kwa kumwaibisha alafu uishi nae vizuri. Lakini ina upungufu wake, ile kuongea mpaka tukubaliane mara nyingi inakuja kuwa kuongea mpaka wadogo na wanyonge wachoke wanyamaze. Angalia Tume ya Jaji Nyalali ya mwaka 1991. Ilizunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka chama kimoja au vyama vingi, karibu asilimia 80 wakasema chama kimoja kiendelee. Ingekuwa dibeti ya shule hapo mshindi kashapatikana tufunge daftari. Tume ikasema wale asilimia 20 nao wasikilizwe, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaja.

Na mfano mwingine ni huu mji wenyewe tunaoishi. Mwaka 1966 hoja ya kuhamishia makao makuu Dodoma ilifika bungeni ikakataliwa, sababu kubwa ilikuwa gharama. Miaka saba baadae, 1973, TANU, chama kilichokuwa kinatawala, ikaamua tunahamia. Kwa hesabu za kushindana utasema upande wa kuhama ulipigwa 1966 ukaja kushinda 1973, lakini angalia kilichotokea baada ya hapo, serikali yenyewe imekuja kuhamia kweli kweli kuanzia 2016, zaidi ya miaka arobaini imepita, na ugumu wa fedha ulikuwa moja ya sababu kubwa. Yani waliosema mji mkuu ukae katikati ya nchi walikuwa na point na waliosema hela iko wapi walikuwa na point vile vile. Nikipita Mtumba nikayaona yale majengo ya wizara nawafikiria wote wawili. Kama wale wa gharama wangesikilizwa vizuri hiyo 1973 badala ya kuhesabiwa tu kwamba wameshindwa labda mpango ungepangwa kwa hatua zinazobebeka mapema zaidi, hayo ni mawazo yangu.

Nirudi bungeni kidogo kwa sababu kuna kitu watu wanakilalamikia sana vijiweni, mbunge anasimama anaichambua wizara dakika zake zote, maji hakuna, barabara mbovu, zahanati haina dawa, kengele ikilia anamaliza na naunga mkono hoja. Watu wanasema hiyo dibeti gani sasa. Nami mwanzo iliniudhi hivo hivo, ila lazima tuseme na upande wa pili, ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, kwahiyo mbunge akipiga hapana anajua kinachoweza kufuata, warudi wote kwenye uchaguzi. Na aliyekosoa alafu akaunga mkono, maneno yake yameingia kwenye Hansard, yani kumbukumbu rasmi za Bunge, waziri anatakiwa ajibu. Kwangu hiyo bado ni thamani, ila inaisha pale waziri anapojibu kwa ujumla ujumla na hakuna anaemrudia kumuuliza. Ibara ya 100 inawapa wabunge uhuru wa mawazo na majadiliano, wautumie kurudia lile swali ambalo halijajibiwa mpaka lijibiwe, mimi hapo ndio nitaita dibeti.

Kwahiyo mimi siungani na wanaotaka dibeti zifutwe mashuleni, hapana, zibaki na Kiingereza kibaki maana mtihani wa mwisho upo kwa hicho Kiingereza. Ila wiki moja iwe Kiingereza wiki nyingine Kiswahili, na maksi zitolewe kwa kitu kimoja ambacho sasa hivi hakina maksi kabisa: kabla hujampinga mwenzako rudia alichosema kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali kwamba ndicho alichokisema. Ukishindwa hilo unakaa chini hata kama Kiingereza chako kinatiririka. Walimu wengine watasema muda hautoshi, kipindi ni kimoja na darasa lina wanafunzi wengi, na hilo ni kweli, ndio maana nasema wapunguze wasemaji, wanne wanatosha, badala ya kumi wanaosoma karatasi mmoja baada ya mwingine bila anaemjibu mwenzake.