Mfamasia nyuma ya dramu

Alvin Fielder alikuwa na kila sababu ya kubaki Chicago. Alishapiga dramu katika bendi ya Sun Ra, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi, akiwa bado kijana. Mwaka 1965 ilipoanzishwa AACM, chama cha wanamuziki weusi wa jiji hilo waliotaka kupiga tungo zao wenyewe, naye alikuwemo tangu mwanzo. Mwaka uliofuata akashiriki kurekodi Sound, albamu ya mpiga saksafoni Roscoe Mitchell ambayo huwezi kuiruka ukisimulia habari za jazi huru, ile isiyofungwa na mdundo wala mpangilio wa kawaida. Kisha, muongo huo ukielekea ukingoni, akafungasha na kurudi kwao Meridian, Mississippi, kushika duka la dawa la familia. Alikuwa mfamasia wa kusomea, na dramu hakuziacha. Alifariki Januari 2019.

Wapenzi wa jazi hawaelewani juu ya maisha ya namna hii. Wapo wanaomsikitikia: mtu aliyekuwa kwenye kitovu cha mambo, akaenda kujizika mkoani kuuza dawa. Wapo wanaomwona mjanja kuliko wenzake wote. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa sababu wanayoitoa, kwamba mshahara humpa msanii uhuru, naiona ni nusu tu ya habari.

Tuanze na hesabu, maana mpiga dramu ana hesabu yake peke yake. Mpiga saksafoni akitunga wimbo, jina lake huandikwa kama mtunzi, na wimbo ukichezwa kwenye redio za kawaida za Marekani, mrabaha humwendea mtunzi. Waliopiga vyombo siku ya kurekodi hawapati kitu hapo. Mpiga dramu ndiye huumia zaidi, kwa sababu anachobuni mara nyingi hakiingii kwenye karatasi. Mnamo 1940 hivi, mpiga dramu Kenny Clarke alitoa kazi ya kushika mwendo kwenye ngoma kubwa ya mguu akaihamishia kwenye toazi: ting, ting-ti-ting, mkono wa kulia ukielea juu, mguu ukibaki huru kutupia mishindo pale isipotarajiwa. Wapiga dramu wa jazi waliomfuata karibu wote wanaishi ndani ya ubunifu huo, na hakuna anayedaiwa chochote kwa kuutumia. Mdundo mtupu huwa wa wote.

Nayo maisha ya muziki bila kazi nyingine hayakuwa huru kama yanavyopambwa. New York, kuanzia 1940 hadi 1967, mwanamuziki hakuruhusiwa kupiga kwenye klabu za usiku bila kadi ya polisi. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake mwaka 1951, akakaa takriban miaka sita bila ruhusa ya kupiga kwenye klabu za jiji lake mwenyewe. (Mfamasia naye hufanya kazi kwa leseni, lakini angalau haimzuii kupiga dramu.) Tena jazi yenyewe ilizaliwa mikononi mwa watu wenye kazi zao. Johnny St. Cyr, aliyepiga banjo na Louis Armstrong wa tarumbeta, alikuwa fundi wa plasta. Alphonse Picou wa klarineti alikuwa fundi bati. Hakuna aliyewauliza kama ni wanamuziki wa kweli.

Upande wa pili, hata hivyo, una hoja ambayo wasifiaji wa mshahara huipita haraka. Mpiga piano huikuta piano ukumbini. Mpiga dramu hubeba ngoma kubwa, ngoma ndogo, za kati, matoazi na stendi za chuma, safari nne tano kutoka kwenye gari, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Onyesho likiisha saa saba usiku, saa nane yuko chini bado anafungua skrubu. Saa mbili asubuhi anatakiwa kazini, macho makavu. Mazoezi nayo ni shida. Nyumba yenye majirani ukutani haivumilii dramu usiku, kwa hiyo mwenye ajira hupigapiga kwenye kipande cha mpira. Mpira huvipa vifundo vya mikono kasi, lakini haufundishi kumsikiliza mpiga besi, wala kujua ni wakati gani unyamaze. Hayo hupatikana kwa kupiga na watu, usiku baada ya usiku, na watu hao wako mjini. Mpiga dramu wa kwanza akiugua saa kumi na moja jioni, nafasi huenda kwa aliye karibu na simu. Kwa hiyo ninachokihofia si zile saa nane za kazi. Ni kutokuwepo.

Ndipo unapoona kwamba kazi na kazi si sawa. Milford Graves, mpiga dramu wa New York, alifundisha Bennington College kuanzia 1973 hadi 2012, na utafiti wake wa mapigo ya moyo akauingiza moja kwa moja katika namna yake ya kupiga. Henry Grimes, mpiga besi aliyewahi kupiga na Sonny Rollins, alipotelea Los Angeles kwa miaka zaidi ya 30, akiishi kwa vibarua na usafi wa majengo. Alipopatikana mwaka 2002 hakuwa hata na besi. Mpiga besi mwenzake William Parker ndiye aliyempa moja. Mpiga dramu Charlie Watts naye aliacha kazi ya uchoraji katika kampuni ya matangazo akajiunga na bendi ya roki ya Rolling Stones mwaka 1963, na katikati ya miaka ya 1980 akakusanya okestra kubwa ya jazi, muziki alioupenda tangu utotoni. Ukitaka kuwa mkorofi, utasema Rolling Stones ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mchana.

Fielder alilitatua tatizo la kutokuwepo kwa njia ambayo wanaomsikitikia hawaitaji. Miaka ya 1970 alishikana na Kidd Jordan, mpiga saksafoni wa New Orleans, mji ulio kama kilomita 300 kutoka Meridian. Jordan alikuwa mwalimu wa chuo. Mfamasia na mwalimu: wote wawili hawakuhitaji muziki uwalipie kodi ya nyumba, kwa hiyo wakapiga jazi huru katika mji ambao watalii wake walitaka nyimbo za zamani. Bendi ya watu wanaotegemea kiingilio ingeyumba mapema. Hapa ndipo hoja ya uhuru inapopata uzito, kwa maana mishahara hiyo ilibeba muziki wa kundi zima, si wa Fielder peke yake.

Gharama ilikuwa jina. Ukipekua rekodi za jazi ukimtafuta, utamkuta zaidi kwenye maandishi madogo ya albamu za wenzake. Iliyotanguliza jina lake, A Measure of Vision, ilitoka mwaka 2007, naye alishavuka miaka 70.