Nyumba tupu, imefagiwa: Mkristo na taamuli ya Mashariki

Mahubiri mengi dhidi ya meditesheni, yaani taamuli ya kukaa kimya, husimama juu ya andiko moja, Mathayo 12. Pepo mchafu aliyemtoka mtu anazunguka mahali pasipo maji, hapati pa kupumzika, anarudi alikotoka na kuikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa. Anakwenda kuwachukua wenzake saba. Mhubiri humalizia kwa kauli ambayo nimeisikia hadi naijua kwa moyo: ukiiacha akili wazi, mpangaji hatakosekana.

Ni hoja nzuri kuliko wanavyodhani wanaoicheka. Yesu kweli haisifu nyumba tupu. Tatizo ni kwamba hoja hii inachukulia kuwa kila anayekaa kimya anaondoa kila kilichomo kichwani. Nilipoketi mara ya kwanza na kikundi cha sala ya ukimya, viti kumi na viwili vya plastiki katika ukumbi wa parokia, feni inakereza juu, kilichonishangaza ni wingi wa vitu nilivyokuwa nimevibeba. Tulipewa neno moja la kurudia kwa dakika 20: Maranatha. Silabi nne, zote sawa, ma-ra-na-tha, polepole, bila kutoa sauti. Dakika ya tatu nilikuwa napiga hesabu ya ada. Ya tano nilikuwa nagombana na fundi aliyeniharibia mlango mwaka uliopita, tena namshinda. Narudi kwenye neno. Nyumba tupu sikuiona. Niliona soko siku ya gulio, na katikati yake mtu mmoja anamwita Bwana.

Maranatha huku kwetu tumeizoea kama jina la kwaya. Ni Kiaramu, "Bwana wetu, njoo", na Paulo aliiacha hivyo hivyo bila kuitafsiri mwishoni mwa 1 Wakorintho. Aliyeieneza kama neno la taamuli ni John Main, mmonaki Mbenediktini aliyezaliwa London mwaka 1926, na kisa chake ndicho wanachokishika wapinzani. Namna ya kusali kwa neno moja alijifunza kwa Mhindu. Miaka ya 1950, kabla hajaingia utawani, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Malaya (Malaysia ya leo), akakutana Kuala Lumpur na Mhindu huyo, Swami Satyananda, aliyekuwa akiendesha kituo cha watoto yatima. Kwa simulizi ya Main mwenyewe, alimuuliza kama Mkristo anaweza kujifunza sala ile, naye akajibiwa kuwa itamfanya Mkristo bora zaidi. Wakaanza.

Mwaka 1959 Main aliingia abasia, yaani monasteri, ya Ealing, London. Mlezi wa wanovisi, wale wanaoanza utawa, akamwambia aache: hiyo si sala ya Kikristo. Akaacha, kwa miaka mingi. Kisha, akiwa padre tayari, akisoma maandishi ya Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya tano, akalikuta jambo lile lile. Kasiano anasimulia aliyofundishwa na Abba Isaka: mtu ashike mstari mmoja wa zaburi na kuurudia usiku na mchana, akila, akilala, akijaribiwa. Mstari wenyewe ni Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Na Abba Isaka aliishi wapi? Jangwa la Misri. Kwa hiyo kilichoitwa cha Mashariki, kilichotoka Malaya na kukataliwa London, kilikuwa kimefundishwa na Wakristo katika bara hili miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla. Ningependa wahubiri wetu wanaosema "hayo ni mambo ya Kihindi" wakae kidogo na jambo hilo.

Tena wakae na neno lenyewe "kutafakari". Katika Kiswahili ni kazi ya kichwa, kupindua jambo akilini. Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati "kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku". Kinywani! Kitenzi cha Kiebrania hapo ni haga, kunong'ona au kuguna chini chini. Ndicho kinachotumika katika Isaya 31:4 kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake. Mwebrania aliyetafakari alikuwa na midomo inayocheza, kama bibi mwenye rozari kwenye benchi la nyuma, anayezirudia Salamu Maria zake hamsini bila kuambiwa na mtu kwamba anapayuka-payuka kama watu wa Mataifa.

Hata kusali kwa kufuata pumzi si jambo la Wahindi peke yao. Wamonaki wa Mlima Athos, Ugiriki, walikuwa wakiinamisha kidevu kifuani na kupatanisha pumzi na sala ya "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie". Barlaam wa Calabria, mpinzani wao, akawadhihaki kwamba roho zao ziko kitovuni. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, wa Konstantinopoli wa mwaka 1341 ulisimama na wamonaki.

Hata hivyo wapinzani wana kesi, na nguvu yake haiko kwenye Mathayo 12. Iko kwenye maua. Anayejiunga na Transcendental Meditation, aina ya taamuli iliyoenezwa na mwalimu wa Kihindi Maharishi Mahesh Yogi, huleta matunda, maua na kitambaa cheupe. Mwalimu huviweka mbele ya picha ya Guru Dev, marehemu mwalimu wa Maharishi, huku akiimba kwa Kisanskriti, ndipo mwanafunzi hupewa mantra yake, neno la kurudia. Wenyewe walisema ni sayansi tu, wakaanza kufundisha katika shule za serikali za New Jersey. Wazazi walishitaki, na mwaka 1977 mahakama ya shirikisho ya Marekani ikaamua kuwa hiyo ni dini. Mahakama ya rufaa ikakubali mwaka 1979. Mkristo anayeambiwa "ni mbinu ya kupumzika tu" ana haki ya kuuliza wimbo ule unamsifu nani.

Waraka wa Vatikani juu ya taamuli, wa Oktoba 1989, uliotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger hutajwa mara nyingi kama marufuku. Si marufuku. Unasema njia za Mashariki zisikataliwe kwa sababu tu si za Kikristo. Onyo lake liko kwingine, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko pepo saba: mazoezi ya mwili huleta utulivu yenyewe, pengine hata hisia za mwanga na joto, na kuyachukua hayo kuwa faraja ya Roho Mtakatifu ni kosa kabisa.

Nimelijaribu hilo juu yangu. Baada ya wiki sita za kukaa kimya nilikuwa mpole ajabu, nalala vizuri, na fundi yule sijamsamehe. Simu yake ilipoingia niliitazama ikilia, kwa utulivu mkubwa, hadi ikakata. Kama kipimo ni utulivu, nilikuwa mtakatifu. Lakini onyo hilo, likichukuliwa kwa uzito, haliishii kwa wenye mantra. Mkesha wenye spika nne na kinanda hadi saa kumi alfajiri nao hutoa joto na machozi, na wapo wanaotoka pale wakaenda nyumbani kutomsalimia jirani. Sijasikia mahubiri juu ya hilo.

Mlezi wa Ealing simlaumu. Hakuwa na namna ya kujua kama kijana yule anamtafuta Kristo au anautafuta ule utulivu wa Kuala Lumpur, na Main mwenyewe baadaye alishukuru kuwa alifundishwa kuachilia alichokipenda kuliko vyote. Kwa hiyo anayeniuliza kama aende, namwambia aende, aketi, apumue, atamke neno la Maandiko. Siku akiambiwa alete matunda, maua na kitambaa cheupe, avae viatu vyake. Mimi kwa sasa nina simu ya fundi ya kurudisha.