Dawa za presha: za mwezi mmoja au za miezi mitatu?

Mgonjwa wa vijiji vya mwambao wa Uvinza anayefuata vidonge vya presha mjini Kigoma hulipa nauli ya boti kwenda na kurudi, pengine akalala kwa ndugu, halafu akapewa dawa za siku 30 tu. Ziwa Tanganyika likichafuka siku ya kliniki, vidonge humwishia nyumbani, naye huhesabiwa mtoro.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri mgonjwa aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa aonwe kila mwezi hadi presha ifikie kiwango kinachotakiwa, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa wanaoishi na VVU, utaratibu wa kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo umeshazoeleka nchini.

Wanaosita kutoa dawa za presha za miezi mitatu, hata hivyo, hawasemi ovyo. Presha kwa kawaida haiumi, na kwa wengi kliniki ya kila mwezi ndiyo siku pekee mkono unapofungwa kipimo; mwenye vidonge 90 kabatini anaweza kumgawia jirani anayelalamika kichwa, au akaacha kumeza kwa kuwa anajiona mzima. Hoja yao iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ya fedha: dawa za VVU hutolewa bure, ilhali asiye na bima akitakiwa kulipia miezi mitatu kwa pamoja huenda akarudi mikono mitupu. Kwa hiyo muda mrefu uwe ruhusa kwa ambaye presha yake imetulia na anayeumudu, usiwe sharti, na zahanati ya kijijini iwe na mashine ya kupimia yenye betri zinazofanya kazi.

Hata hivyo, wingi wa vidonge hautibu kila kitu. Mvuvi mmoja wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, aliniambia kwamba katika siku za giza, yaani zisizo na mbalamwezi, wanapoingia ziwani jioni na kurudi alfajiri, alikuwa akiiacha dawa yake ya presha, ya aina ya kukojosha, kwa sababu akiimeza jioni inamsumbua mtumbwini, na akiimeza asubuhi inamkatisha usingizi wa mchana. Kliniki alihimizwa mara kadhaa “azingatie dawa”, bila kuulizwa analala saa ngapi. Siku alipoulizwa, alibadilishiwa akapewa amlodipini, dawa nyingine ya presha ambayo haina kazi ya kukojosha.