Ziara za Miguu Nairobi: Tuishie Moi Avenue au Tuvuke?

Ziara ya miguu katikati ya Nairobi ikifika Moi Avenue, mwongozaji ana uamuzi wa kufanya. Upande wa magharibi kuna KICC, jengo la mikutano lililofunguliwa 1973, pamoja na City Hall na Bunge. Upande wa pili, ukishapita Tom Mboya Street, ndiko River Road na steji za matatu. Wapo wanaosema wageni warudishwe hapo, na wapo wanaosema wavushwe. Mimi nasema wavushwe, lakini si kiholela.

Hoja ya kuwarudisha ina uzito. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyosimama tangu 2007, haikereki ikipigwa picha. Mchuuzi hukereka. Soksi zake amezitandaza juu ya shuka, na pembe zote nne ziko tayari kukunjwa kanjo, yaani askari wa jiji, wakichomoza. Kamera ikimwelekea, haimnunulii kitu na huenda ikamtia matatani. Ziara za Kibera, mtaa wa mabanda, zimelaumiwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo: mtu anakujia mlangoni kuutazama umaskini wako, kisha anaondoka. Lawama hiyo ni ya haki, na haifutwi na kauli kwamba vijana wa mtaa wanapata riziki.

Hata hivyo, ukiibakiza ziara kwenye majengo, unaipotosha historia yenyewe. Mambo mazito ya mji huu yaliwakuta watu wakiwa barabarani. Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai Harry Thuku, mpinzani wa ukoloni aliyekamatwa, aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Muthoni Nyanjiru akajitokeza kuwatia aibu, watu wakasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Hata kwa hesabu ya serikali ya kikoloni, waliokufa walizidi 20, naye Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Hawakuwa na ofisi wala jukwaa. Walikuwa na miguu yao. Tom Mboya naye, waziri aliyetokea vyama vya wafanyakazi, alipigwa risasi akafa Julai 5, 1969, akitoka kwenye duka la dawa, mtaa ukiwa bado unaitwa Government Road. Leo ndio Moi Avenue. Sanamu yake ya 2011 haiko mbali na hapo, karibu na Jumba la Nyaraka, na wanaoizunguka kutwa nzima ni watu walioambiana “tukutane Archives”, wanaosubiri wenzao, na wanaokimbilia matatu kabla nauli haijapanda kwa mvua. Anayeeleza kifo cha Mboya huku akiwapuuza hao ameacha nje watu ambao siasa zake za vyama vya wafanyakazi ziliwahusu.

Kwa hiyo tuvuke, ila mwongozaji awe mtu anayejulikana huko, anayeweza kusalimia kwa jina na kuambiwa “leo hapana” akaelewa. Simu zikae mfukoni hadi mwenye kibanda akubali. Chai inywewe hapohapo, kwa bei ileile wanayolipa wengine. Na idadi ipunguzwe: kundi la watu 30 likisimama River Road kusikiliza maelezo, mwenye mkokoteni hana pa kupita. Watu 6 wanaweza kujibanza ukutani akapita na mzigo wake.