Tusimlaumu Mzee kwa Magonjwa Yake

Kuna kauli inayoniudhi kila niisikiapo: "Angejitunza ujanani, asingeumwa hivi." Husemwa juu ya mzee mwenye presha, kisukari au magoti yasiyokunjika, kana kwamba afya yake ilikuwa mikononi mwake peke yake.

Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na njaa ikaua maelfu ya watu. Waliokuwa tumboni mwa mama zao wakati huo walipopimwa wakikaribia miaka 50, miili yao ilidhibiti sukari vibaya kuliko ya wenzao ambao njaa haikuwakuta tumboni. Hawa nao walikosa kujitunza?

Ila utafiti unaonigusa zaidi hauna njaa ndani yake. Ulianza London mwaka 1967, ukafuatilia watumishi wa serikali wa Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali ya Uingereza, wanaume wenye ajira ya kudumu na matibabu ya umma. Hakuna aliyekuwa fukara. Hata hivyo vifo vilipangika kama vyeo: kila ngazi iliishi muda mfupi kuliko iliyo juu yake, na wa chini kabisa, kama matarishi, walikufa kwa maradhi ya moyo takriban mara 3 ya wakubwa wao. Sigara, presha na lehemu (mafuta kwenye damu) vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Mtafiti Michael Marmot na wenzake waliendelea kuchimba, wakakuta kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe nako kunaumiza moyo.

Hilo naliamini kabisa. Mfikirie mama anayesafisha maofisi. Anaamka saa tisa usiku, anapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, anavuta harufu ya dawa kali, na msimamizi anaweza kumwambia leo kwamba kesho asije. Mwili wenye hofu humwaga kortisoli, homoni ya kukabili hatari. Kwa saa moja humsaidia mtu. Kwa miaka 30 hupandisha presha, huvuruga usingizi na kuchosha kinga. Siku akifika kliniki anaambiwa afanye mazoezi na apunguze mawazo. Atayapunguzia wapi?

Sisemi sigara haina ubaya, wala kwamba mtu hana la kufanya. Kuacha kuvuta kunasaidia hata ukiwa na miaka 60. Ninachokataa ni ushauri unaoanzia kwenye sahani ya mgonjwa na kuishia hapo hapo, huku bajeti ikiwahesabu wajawazito wasioshiba, mishahara isiyotosha na nyumba zenye unyevu kuwa mambo ya wizara nyingine. Hizo ni gharama za afya, zinazolipwa miaka 40 baadaye kwenye wodi za moyo na figo. Nataka ziandikwe hivyo kwenye bajeti. Na daktari anayempokea mama yule amuulize pia amefanya kazi gani maishani, analala saa ngapi, na akistaafu nani atamnunulia dawa.