Tunda la mathenge: lishe ya mifugo au mbegu ya balaa?

Kila kiangazi kinapokaza Baringo, nchini Kenya, mjadala wa mathenge hufufuka. Wapo wanaotaka mti huu ung'olewe wote, mpaka mzizi wa mwisho. Wapo wanaosema utumiwe: makaa yauzwe, matunda yasagwe yawe chakula cha mifugo. Hoja nzito za pande zote mbili zinatoka ndani ya tunda lenyewe, lakini ni nadra kumkuta mtu amelifungua akatazama kilichomo kabla ya kuanza kubishana.

Mathenge ndio Prosopis juliflora wa vitabuni, mti wa jamii ya mikunde ambao asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. (Mwaka 2022 wataalamu waliigawa jenasi ya Prosopis, yaani kundi la miti ya undugu wa karibu, vipande vipande na mathenge ukahamishiwa jenasi ya Neltuma. Hapa nabaki na jina la zamani, maana ndilo ripoti nyingi za kwetu zinalotumia.)

Kunde au maharage yakikauka shambani, ganda hupasuka na mbegu zikatawanyika hapo hapo. Tunda la Prosopis halipasuki. Huiva likawa la manjano, refu kupita kiganja cha mkono, kisha huanguka chini likiwa zima. Chini ya ngozi yake nyembamba kuna nyama yenye sukari nyingi, ambayo hata watoto huitafuna. Katikati ya nyama hiyo mbegu zimejipanga mstari mmoja, kumi, ishirini au zaidi, na kila mbegu imefungiwa kwenye kokwa yake ngumu. Ukifanikiwa kuivunja kokwa, bado utakuta mbegu ina ganda lake lisilopitisha maji. Nyama ni ujira wa mnyama, kokwa na ganda ni kinga ya mbegu wakati wa safari.

Na safari yenyewe inapita tumboni. Mbuzi, ng'ombe, ngamia, hata ngiri na nyani, hulifuata tunda hilo kwa ajili ya sukari. Nyama humeng'enywa, mbegu nyingi hupita salama, na tindikali ya tumboni hulilainisha lile ganda ambalo lingechelewesha uotaji. Mwisho wake mbegu inatua mbali na mti mama, ndani ya samadi, ikiwa tayari kunywa maji ya mvua ya kwanza. Kondoo na mbuzi hutafuna sana na huharibu sehemu kubwa zaidi ya mbegu. Ng'ombe huzipitisha nzima kwa wingi. Ndiyo maana mathenge hufuata njia za mifugo, maboma yaliyohamwa na sehemu za kunyweshea. Mafuriko nayo hubeba matunda yaliyoanguka na kuyatandaza kwenye kingo za mito. Mbegu isiyoota mwaka huu inaweza kukaa ardhini miaka kadhaa ikisubiri.

Baringo ilipandiwa miti hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya majaribio yaliyoanza pwani, kwenye machimbo ya Bamburi, mwaka 1973. Nia ilikuwa njema: kuni zilikuwa haba na udongo ulikuwa unakwenda na maji. Vipimo vya picha za setilaiti vinaonyesha kwamba mwaka 1988 mathenge ulifunika hekta 882 za eneo hilo, na mwaka 2016 hekta 18,792. Hakuna mradi uliopanda miche ya kutosha eneo hilo lote. Mifugo na maji ndio waliopanda.

Upande wa wanaotaka mti utumiwe wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Mathenge huzaa kiangazi, wakati nyasi zimekwisha na mfugaji hana pa kushika, kwa sababu mizizi yake inafika kwenye maji ya chini sana. Tunda zima lina sukari ya kumpa mnyama nguvu, na protini yake, karibu sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, inatosha kuliita lishe. Huko Peru watu hupika matunda ya mti ndugu yake, Prosopis pallida, wakapata shira nzito waiitayo algarrobina, na wenyeji wa jangwa la kaskazini mwa Meksiko wamekula unga wa matunda ya jenasi hii kwa karne nyingi. Kwa nini basi tulitazame kama sumu?

Tena hoja hiyo inapata nguvu zaidi ukiingia ndani ya kokwa. Kwa uzito ule ule, mbegu ina protini nyingi kuliko nyama. Mbuzi anayemeza mbegu nzima anaitoa nzima, na protini yake imetoka naye. Tunda likisagwa kwa mashine, kokwa ikavunjika, mnyama anapata kilichokuwa kimefungiwa, na mbegu hiyo haitaota kamwe. Lishe inaongezeka na mti unapungua, vyote kwa kinu kimoja. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, imewafundisha wakazi wa Baringo kukusanya na kusaga matunda haya kwa msingi huo, na sioni kosa katika msingi wenyewe.

Kosa liko kwenye hesabu. Kwanza, sukari ile ile inayowavuta mbuzi inavuta unyevu hewani. Tunda lisipokauka kabisa hugeuka gundi ndani ya kinu na mashine inakwama. Pili, mwenye gunia anashindana na mbuzi, na mbuzi huamka mapema. Kila tunda linaloanguka usiku kwenye kichaka cha miiba asikofika mtu lina mlaji wake. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, fedha za mathenge haziko kwenye tunda bali kwenye makaa. Ukiukata mti kwa ajili ya makaa bila kung'oa shina, unachipua upya ukiwa na matawi mengi kuliko mwanzo, na mbegu zilizoko ardhini hazikuguswa. Kwa hiyo kauli ya "kudhibiti kwa kutumia" inasemwa kwa jina la matunda na kutekelezwa kwa shoka. Aliyeanza kuishi kwa makaa hayo, kwa nini atake mti uishe?

Wanaotaka mti ung'olewe nao wana ushahidi wao, na ushahidi mmoja ulikuwa na miguu minne. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus wa Baringo ilipoishtaki serikali kwa kuuleta mti huu, mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani Nairobi. Watu wengine walicheka, ila mfugaji anajua mbuzi asiye na meno ni mbuzi aliyekwisha kufa: nyama ya tunda lenye sukari hukwama kati ya meno, meno huoza na kung'oka. Kaskazini mashariki mwa Brazili ng'ombe na mbuzi waliolishwa matunda haya kwa wingi na kwa muda mrefu walipata ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli ya taya mpaka uso ukaonekana kupinda. Hata hivyo, madhara haya hutokana na mnyama kula tunda hilo karibu peke yake. Likichanganywa na malisho mengine, na lisizidi sehemu ndogo ya mlo, picha hubadilika. Mfugaji wa kiangazi hana malisho mengine ya kuchanganya, na hapo ndipo ushauri wa kitaalamu unapogonga mwamba.

Kuna wanaokwenda mbali wakailaumu jenasi nzima. Hapo siwafuati. Mghafu wa Oman na Falme za Kiarabu, Prosopis cineraria, kwa mpangilio wa zamani ni wa jenasi hiyo hiyo. Tunda lake halipasuki, lina nyama tamu, ngamia hulila, na huko Rajasthan nchini India matunda machanga hupikwa kama mboga. Kwao ni mti unaolindwa. Falme za Kiarabu zimeufanya mti wa taifa. Katika Afrika Magharibi, mbegu za mti uliokuwa ukiitwa Prosopis africana huchemshwa na kuchachushwa kuwa kiungo cha mchuzi. Umbo la tunda ni la ukoo mmoja. Kilichomtofautisha mathenge wa Baringo ni kwamba alikuja bila wadudu waliokuwa wakila mbegu zake kwao.

Afrika Kusini ilijaribu kuliziba pengo hilo. Mwaka 1987 iliachilia mdudu mdogo wa jamii ya fukusi watoboao kunde ghalani, Algarobius prosopis, anayetaga kwenye tunda na mtoto wake kula mbegu kutoka ndani. Wakulima wa huko walitaka kuni na matunda ya mifugo yabaki, hivyo akachaguliwa mdudu wa mbegu peke yake. Ulikuwa mwafaka wa busara, lakini ulitoa matunda haba kwa sababu ile ile: mifugo hulila tunda kabla mdudu hajamaliza kazi.

Kwa maoni yangu, mahali ambapo mathenge ndio kwanza unaingia, kama Kahe kusini mwa Moshi, wanaotaka ung'olewe wana haki kabisa; mti ukiwa bado mchanga na haujazaa, jembe linatosha. Baringo muda huo umepita. Huko ningeelekeza fedha za umma kununua tunda lililosagwa, kwa bei inayoweza kushindana na gunia la makaa, na kuwataka wachoma makaa wang'oe shina kabla ya kupewa kibali. Na mifugo iliyolishwa matunda haya ingezuiliwa siku kadhaa, mpaka mbegu zitoke tumboni, kabla ya kuhamishiwa malisho ambayo bado hayajavamiwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote kuiandika na ngumu kuliko zote kuitekeleza, kwa kuwa anayehama na ng'ombe wake Februari anahama kwa sababu alipo hapana maji.