Jiwe la buluu lililongoja jina karibu miaka 20

Kwetu ukitamka neno madini, watu husikia pesa. Dhahabu ya Geita, tanzanaiti ya Mererani, gramu na bei yake. Kila nikisimulia habari ya madini mapya yaliyogunduliwa mahali fulani, swali la kwanza ni lilelile: "Yanauzwaje?" Mimi naona swali hilo linatupotezea mengi.

Chukua petroviti, madini ya rangi ya buluu. Ilitoka Tolbachik, volkeno ya rasi ya Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi. Mlipuko wa 1975 na 1976 uliipasua ardhi pale na kuacha vilima vipya vya mawe mepesi yenye vinyweleo. Juu pamepoa, lakini ndani moto haujaisha. Miaka 40 baadaye bado kulikuwa na matundu yanayofuka gesi yenye joto la mamia ya nyuzi. Wataalamu huyaita fumaroli. Na gesi ile si mvuke mtupu, imebeba shaba, sodiamu, zinki, aseniki, salfa na klorini. Ikikaribia hewa ya nje hupoa, hukutana na oksijeni na kugandia kwenye mawe. Ukichimba kidogo tu kwenda chini joto linabadilika, na kinachoganda kinabadilika nacho. Ndiyo maana Tolbachik peke yake imetoa aina mpya za madini zaidi ya 100. Fumaroli yake mojawapo inaitwa Yadovitaya, yaani "yenye sumu", na aliyeiita hivyo hakutia chumvi.

Mwaka 2000 iliokotwa pale sampuli yenye vidonge vidogo vya buluu. Ikawekwa akiba. Maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 2020 na Stanislav Filatov wa St Petersburg na wenzake, wakaipa jina la Tomas Petrov, mtaalamu wa fuwele wa chuo kikuu cha huko. Ni salfati ya sodiamu, kalsiamu na shaba, na atomu ya shaba ndani yake imezungukwa na oksijeni saba, mpangilio ulio nadra sana. Kati ya atomu zake kuna njia ambazo sodiamu inaweza kupita, kwa hiyo watafiti wanaona muundo huo unaweza kuwa mfano wa kutengenezea betri za sodiamu. Faida hiyo, ikija, itakuwa imetoka kwenye kijiwe ambacho sokoni kisingepata hata wa kukitazama.

Karibu miaka 20 hiyo siihesabu kuwa uzembe. Punje zenyewe ni ndogo kuliko chembe ya mchanga, tena zimeshikana na madini mengine. Lazima upime kemia yake, uipige eksirei ujue atomu zimepangwaje, uangalie rangi, ugumu na namna inavyopitisha mwanga. Kisha hoja inapelekwa kwenye tume ya kimataifa ya madini mapya, wajumbe wanapiga kura, na jina lako mwenyewe huruhusiwi kulitumia. Sharti ninalolipenda kuliko yote ni kwamba sampuli ikabidhiwe makumbusho, ili mwenye shaka aende akaikague.

Bila sharti hilo, madini mengi ya fumaroli yangebaki hadithi. Tolbachiti ni shaba na klorini tu, ya rangi ya kahawia inayong'aa kidhahabu. Iache kwenye hewa yenye unyevu, itanywa maji na kugeuka ya kijani-buluu, na hapo imeshakuwa madini mengine, yenye jina jingine. Kwa hiyo anayewahi kuchukua, akafunga vizuri, akaandika tundu gani na joto gani, amefanya nusu ya ugunduzi. Lidiya Vergasova wa Kamchatka amefanya kazi hiyo kwa miongo mingi, na nafurahi kwamba yapo madini yanayoitwa vergasovaiti.

Nasema haya nikiufikiria Oldoinyo Lengai, mlima wa volkeno wa kaskazini mwa Tanzania. Lava yake nyeusi huwa nyeupe ndani ya siku chache, kwa sababu madini yake makuu, nyerereiti na gregoryiti, hayavumilii unyevu. Nyerereiti imepewa jina la Mwalimu tangu miaka ya 1960, na bado nakutana na wasomi wa hapahapa ambao hawajawahi kuisikia. Rafiki yangu aliyepanda mlima huo aliniletea kipande, kijivu kwa nje, cheusi kilipovunjwa. Nilikiweka dirishani. Masika yalipokwisha kilikuwa unga mweupe, nikaufuta kwa kitambaa.

Chupa kavu yenye kizibo kinachobana, na karatasi ya kuandikia tarehe na mahali, ingetosha kukiokoa. Mlima bado unafuka. Ningependa wanafunzi wetu wa jiolojia wapande na chupa hizo, na kila chuo kinachofundisha somo hilo kiwe na kabati la kuzipokea.